Miaka Yangu ya Kuwanyanyua Watu Vitini

Neema na Godi, mliniomba siku ya kuniaga niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Sijayasahau. Yapo ambayo ningefurahi kuyasahau, hasa yanayohusu samaki wa kukaanga, lakini yananijia hata nikiwa nafua. Habari za mshahara na vyeo sitazigusa, maana vyeo kwenye ofisi ya watu watano mnavijua wenyewe. Nitaandika kuhusu wateja wetu, watu wazima wenye maduka, wajukuu na akili timamu, ambao wakishafunga mkanda wa ndege ya kwenda Guangzhou wanageuka kuwa watu wengine kabisa.

Siku ya kwanza nilipanda ngazi za ofisi ile ya tiketi za ndege, Mtaa wa Msimbazi, juu ya duka la masufuria, nimevaa sketi ya kubana na viatu vya dada yangu vilivyokuwa vidogo kwangu. Nilidhani nitapewa meza na simu. Mzee Jayanti, mwenye ofisi, alinitazama kuanzia juu mpaka chini, hasa chini, kisha akavuta kiti cha plastiki akakisukuma kati ya ukuta na kabati la mafaili. Mbele yake akaweka kiti kingine, karibu kabisa na magoti.

"Kaa hapo," akasema.

"Mpaka saa ngapi, mzee?"

"Mpaka tufunge. Chooni ruhusa. Chakula utaletewa hapohapo."

Nilikaa. Sikuelewa kama nimeajiriwa au nimeadhibiwa. Wateja waliingia na kutoka, kila mmoja akinitazama kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. Mchana nililetewa wali na maharage, nikala viwiko vimebana mbavuni kwa sababu hapakuwa na pa kuvipeleka. Alasiri miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu, kiuno kinawaka, na shingo imegoma kugeuka upande wa dirisha. Ndipo Mzee Jayanti akaja na kikombe cha chai.

"Wapi panauma?"

Nikamwambia, na sikupunguza kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa.

"Sawa. Mteja akikuuliza safari ikoje, usimwambie nzuri. Mwambie panauma wapi, halafu mwambie afanye nini."

Baadaye nilikuja kujua kwamba mkewe alikwenda Kanada kumwona binti yao, akashuka na mguu uliovimba, akalazwa. Mama alipona. Mzee hakupona hofu. Siku ile lakini sikujua hayo, nikapanda basi la kurudi Magomeni nimeshika viatu mkononi, nikiapa sirudi. Kesho yake nilirudi na malapa.

Miaka ya mwanzo niliuza tiketi tu. Kisha Kariakoo ikaigundua China, na ghafla kila mwenye fremu ya duka alitaka kwenda kujichagulia mzigo mwenyewe. Walikuwa wanarudi wamechakaa, wamenunua rangi wasizozitaka kwa sababu siku ya kwanza sokoni hawakuwa na macho. Mzee Jayanti akaamua kila kundi liwe na mtu wa kulisindikiza. Mtu huyo nikawa mimi.

Begi langu la kazi mnalijua, mmelicheka vya kutosha. Humo mna soksi ndefu za kubana, kanga ya akiba, chupa tupu ya maji, vizibo vya masikio na mto wa shingo. Chupa inajazwa ukishapita ukaguzi. Soksi zinavaliwa nyumbani asubuhi kabla mguu haujavimba, siyo angani baada ya mguu kuwa kama gogo. Mto wa shingo upande mnene unakaa mbele, chini ya kidevu, kama kichwa chako kina tabia ya kuanguka mbele. Hili nimelieleza kwa watu ambao siwezi kuwahesabu, na bado wanauvaa nyuma, wanalala, kichwa kinaanguka, wanaamka na kunilaumu mimi na mto.

Wengine wanakula pilau la kushiba kabisa wakiwa njiani kwenda uwanja wa ndege, wanasema chakula cha ndege hakina chumvi. Tumbo likianza kujaa gesi huko juu, wanauliza rubani anaendeshaje. Wengine wanavaa suti mpya na viatu vipya, kama vile Guangzhou wanasubiriwa na bendi. Wengine wanavua viatu mapema na kuvitupa chini ya kiti. Safari moja tulishuka na mzee ambaye miguu iligoma kurudi viatuni, akapita uhamiaji wa China kwa soksi, kwa heshima kubwa, viatu kavibana kwapani. Kuna mwaka mvua ilijaza bonde la Jangwani na wateja wa Magomeni wakavuka maji wakiwa na mabegi kichwani. Walipanda ndege na suruali mbichi, wakakaa nazo safari nzima huku kiyoyozi kikiwapulizia. Tangu hapo nikaanza kudai kila mtu awe na nguo kavu kwenye begi la mkononi, na tangu hapo wakaanza kujaza begi la mkononi vitu vyote isipokuwa nguo kavu.

Na kulikuwa na Hamisi. Hamisi anauza makava na chaja za simu, kijana mzuri, mchangamfu, na ndiye aliyepitia soko la Feri asubuhi ya safari akanunua samaki wa kukaanga wa kula njiani. Aliwafungua ndege ikiwa imetulia na kila mtu anaanza kusinzia. Mhudumu alikuja mara mbili kuuliza kama kuna mtu mgonjwa.

"Dada, nikukatie kipande?" Hamisi akaniuliza.

Nilikula. Ningefanya nini, harufu ilikuwa tayari yetu sote.

Nayaandika haya ili mjue kwamba kazi yenyewe, ukiondoa tiketi na viza, ni kurudia maneno yaleyale manne: kunywa maji, nyanyuka, tembea, lala. Na kati ya watu wote walioyakataa maneno yangu, hakuna aliyenikosesha raha kama Mama Tatu.

Mama Tatu alikuwa na duka la jumla la nguo za watoto Mtaa wa Kongo. Alinizidi miaka michache tu, lakini alipenda shikamoo yake na nilimpa. Kundi zima lilimheshimu. Alijua kitambaa kwa kukishika, na mwenye kiwanda akimdanganya alikuwa anafunga pochi na kuondoka taratibu mpaka aitwe.

"Shikamoo, Mama Tatu."

"Marahaba, Rehema. Kiti changu kiko wapi?"

"Safari hii ningeomba ukae pembeni mwa njia, unyooshe miguu."

"Nataka dirishani. Nataka ukuta wa kuegemea."

Kila safari ilikuwa hivyo. Tena alikuwa hanywi maji. Tangu asubuhi ya safari alilowanisha midomo tu. Chooni alikwenda tulipobadilisha ndege Uarabuni, akarudi, akakaa, na baada ya hapo ungefikiri wamemshonea kiti. Mimi nilikuwa na kawaida ya kusimama katikati ya njia na kusema kwa sauti, "Jamani, tunyanyuke kidogo, tutembee, damu izunguke." Wote walinung'unika na wote walinyanyuka. Mama Tatu alivuta blanketi.

Safari ninayoisema, aliomba kidonge cha usingizi kwa mwenzetu mmoja aliyekuwa nacho, akakunja miguu akaikalia, akalala dirishani kama mtoto kwenye kapu. Nilimwomba jirani yake amguse bega.

"Mama, umelala muda mrefu. Shusha hata miguu."

"Rehema, mimi siyo mtoto wa chekechea. Ukitaka kutembeza watu, katembeze hao."

Nikaondoka, nikarudi baadaye. Akajifanya amelala. Kope zilikuwa zinacheza. Nikarudi tena, na tena, mpaka jirani yake akaniomba kwa adabu tubadilishane viti, nikae mimi pale niendelee na ugomvi wangu. Nikakaa. Mama Tatu akageukia ukuta.

Tuliposhuka alikuwa anachechemea. "Ganzi tu," akasema. Hotelini nikamwomba nione mguu. Akavuta dera mpaka likafunika vidole. Asubuhi yake kwenye chai nilimwambia tupite hospitali kwanza, akaniuliza kama kiwanda kitahamia hospitali kumfuata.

Tulikuwa ghorofa ya juu ya soko la nguo, katikati ya marobota, alipokaa ghafla juu ya mzigo. Uso ulikuwa unatoka jasho. Alishika kifua kwa kiganja kizima.

"Rehema, humu ndani hakuna hewa."

Feni kubwa ilikuwa inampulizia usoni, ushungi unapepea. Nilipiga goti nikapandisha dera bila kuomba ruhusa. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia kwenye kigimbi, ngozi inang'aa, na nilipoweka mkono ulikuwa wa moto.

"Hamisi, tafuta gari. Sasa hivi."

"Mzigo wangu haujafungwa," Mama Tatu akasema, huku anahema.

"Hamisi atafunga."

"Hamisi hajui rangi."

Tulimshusha ngazi kwenye kiti, mimi upande mmoja, Hamisi na mwenye duka upande mwingine. Hospitalini daktari alizungumza na mkalimani wetu kwa muda mrefu, na mkalimani, dada wa Kichina aliyejifunza Kiswahili chake Zanzibar, akatuambia polepole kwamba damu iliganda ndani ya mguu, kipande kikakatika kikaenda kukaa kwenye mapafu. Wanampa dawa. Wanasubiri. Nikamuuliza wanasubiri nini. Akaangalia chini, akasema hajui neno lake kwa Kiswahili.

Nilimpigia Mzee Jayanti. Wakati huo alikuwa ameshazeeka, anakuja ofisini kwa mazoea.

"Kaa naye," akasema. "Usimwache peke yake. Kundi litarudi na Hamisi."

"Na Hamisi, mzee?"

"Na Hamisi."

Kundi likarudi na Hamisi, na likafika, jambo ambalo Hamisi amekuwa akinikumbusha tangu siku hiyo. Mimi nikabaki kwenye kiti cha kukunja kando ya kitanda cha Mama Tatu. Siku za mwanzo sikuwa na hasira wala sikuwa na chochote, nilikuwa nasikiliza pumzi yake tu. Ilipoanza kuwa nyepesi, hasira ikarudi yote kwa pamoja.

Hospitali za kule zinakunywesha maji ya uvuguvugu kutwa. Nesi alikuwa anakuja na chupa ya chai, anamimina kikombe, anampa. Mama Tatu anakigusa kwa mdomo, anakirudisha mezani. Nesi akigeuka, maji yako vilevile. Nilivumilia mpaka nikashindwa.

"Mama Tatu," nikasema, "umemfanya mwanao Tatu ajifungie chumbani kulia huko Dar. Umenifanya niombe viza iongezwe kwa ishara za mikono. Umelala hapa unachomwa sindano tumboni. Na bado kikombe cha maji kinakushinda. Unataka nini?"

Alimtazama mkalimani aliyekuwa kando yetu. Mkalimani akaelewa, akatoka akafunga mlango.

"Unajua kwa nini sinywi maji?"

"Kwa sababu wewe mkaidi."

"Kwa sababu nikinywa, navuja."

Sikuelewa. Akaona sijaelewa, akafumba macho ili aweze kusema.

"Mkojo, Rehema. Tangu nimzae Tatu. Nikikohoa, nikipiga chafya, nikicheka, nikinyanyuka haraka. Nyumbani najua choo kiko wapi. Dukani nina choo changu na ufunguo ninao mimi. Kwenye ndege kuna foleni ya wanaume mlangoni, na wewe umesimama katikati ya njia unatangaza."

Tatu wakati huo alikuwa mke wa mtu, ana watoto wawili.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi? Pale mbele ya Hamisi?"

Nikazidi kukasirika. Nilimuuliza kuhusu pedi. Akasema anaweka, lakini anaogopa harufu, ndiyo maana anakaa dirishani, apate jirani mmoja badala ya wawili. Anakalia miguu kwa sababu akikaa hivyo anajihisi amefunga. Kidonge cha usingizi alikimeza ili asisikie kiu. Kila kitu nilichokiita ukaidi kilikuwa kimepangwa, tena kwa akili nyingi, na kingemuua.

"Daktari ulishamwambia?"

"Niende kwa daktari, mtu mzima, niseme najikojolea?"

"Huyu hapa ameshaona mapafu yako yote. Mkojo utamshtua?"

Akafumbua macho. "Una mdomo mchafu, Rehema."

"Kunywa maji. Choo kiko hapo, ni chetu wawili, na ufunguo chukua wewe."

Alikunywa nusu kikombe. Baadaye alinyoosha mkono nimsaidie kushuka kitandani, tukaenda chooni tumeshikana, taratibu, tukarudi.

Madaktari waliporidhika tukarudi Dar, yeye na dawa zake, mimi na kiuno changu. Nilimpa wiki moja ya kupumzika, kisha nikamfuata Mtaa wa Kongo, nikamtoa dukani mbele ya wateja kwa kisingizio cha mizigo, tukaenda kwa daktari wa akina mama. Alijifunika ushungi mpaka machoni kama mtu anayekwenda kufanya ujambazi. Daktari, mama mmoja mwenye haraka zake, alimsikiliza, akaandika, akasema hilo ni tatizo la kawaida kabisa, wanawake wengi waliokaa pale kwenye benchi wamekuja kwa hilohilo. Akampa mazoezi ya kukaza misuli ya chini, ayafanye kila siku, na baadaye kukawa na upasuaji mdogo.

Tulipotoka Mama Tatu alisimama kwenye ngazi, akashindwa kushuka. Nikadhani ni mguu.

"Kawaida," akasema. "Umemsikia? Anasema kawaida. Mama yangu alikuwa anajua. Dada zangu wanajua. Wote wamenyamaza, na mimi nimenyamaza, na Tatu na yeye yumo humohumo, nimemwona anavyokaa." Alikuwa amekasirika, na kwa mara ya kwanza hasira zetu zilikuwa zinaelekea upande mmoja. Jioni ileile alimpigia Tatu simu. Mazoezi wakayafanya wote wawili.

Na mimi nikaacha kutangaza. Mmenikuta nikiwa tayari nimeacha, mkadhani ndivyo ofisi ilivyokuwa siku zote. Chumba kile cha nyuma chenye mashine mbovu ya kudurufu nilikiomba kwa Mzee Jayanti kwa ajili hiyo. Kila msafiri anaingia peke yake kabla ya safari, mnafunga mlango, mnamuuliza: kuna kitu chochote kinachokufanya usitake kunyanyuka? Wengi watasema hakuna. Wasubirini kidogo. Mzee mmoja mwenye duka la vipodozi alikuwa na shida ya tezi dume, akawa haendi popote bila kujua choo kilipo. Mama mmoja alikuwa anaogopa mlango wa choo cha ndege ukifunga hautafunguka. Mtu na ndevu zake, fundi mkubwa wa majenereta, alikuwa anashindwa tu kumwambia mgeni wa kiti cha pembeni "samahani, nipishe." Mkishajua, mpangieni kiti chake, mwambieni avae nini na anywe lini, na mkitoka humo ndani nyamazeni. Mkinyamaza vizuri atawaletea na dada yake.

Mwaka uliofuata Mama Tatu alikuja ofisini kukata tiketi. Godi, ulikuwepo, ulimwandikia dirishani kama faili lake lilivyosema na akakufokea. Alitaka kiti cha pembeni mwa njia, karibu na choo. Alivaa soksi zangu, dera pana na malapa. Baada ya kuondoka Uarabuni alinywa maji, akanyanyuka, akatembea mpaka mwisho wa ndege na kurudi bila kuniangalia, maana hakutaka kuniona nikifurahi.

Mapazia ya madirisha yalishushwa na watu wakaanza kulala. Nilikuwa nyuma ya Mama Tatu, na Hamisi alikuwa ng'ambo ya njia, mto wa shingo kauvaa nyuma, mdomo wazi. Nami nilikuwa naanza kupotea kabisa, usingizi mzuri ambao sikuwa nimeupata kwenye ndege kwa miaka, Hamisi alipoanza kuongea ndotoni.

"Hapana, bosi," akasema kwa sauti ya sokoni. "Hiyo chaja mbona inalia?"

Mama Tatu akageuza kichwa.

"Basi nifungie na huyo samaki," Hamisi akaendelea. "Mfungie vizuri, asije akachaji."

Mama Tatu akacheka. Ilitoka kwa kushtukiza, akanyamaza palepale, mkono umeshika kiti cha mbele, ametulia kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Nilimwona mabega yalivyosimama. Akasubiri. Hamisi akasema, "Eeh, na risiti yake." Na Mama Tatu akacheka tena, safari hii kwa tumbo lote, kichwa kimeanguka nyuma, anapiga mkono wa kiti, machozi yanamtoka. Nilikuwa nimesafiri na mwanamke huyu miaka mingi na nimelala naye chumba kimoja hospitalini, na nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake. Kilikuwa kikubwa, kibaya kidogo, cha kukwaruza.

Watu wakaanza kugeuka. Bwana mmoja kiti cha jirani alivua kitambaa cha macho, akaniinamia.

"Samahani, dada, wewe ndiye kiongozi wao? Mwambie mama apunguze sauti. Watu tunataka kupumzika."

Alikuwa na haki yake. Mimi ndiye niliyekuwa nalipwa watu wapumzike.

"Nitamwambia," nikasema.

Nikavuta blanketi mpaka kidevuni, nikafumba macho, na sikumwambia.